Sababu ya Kwenda Mwazye

Enzi zile, ukishaolewa, kwenu huendi hivi hivi. Unakwenda kwa sababu. Na sababu zilizokubalika zilikuwa mbili tu: mgonjwa asiyeinuka au maiti. Mama mkwe wangu, aliyezilinda sheria za nyumba ile kuliko hakimu anavyolinda za serikali, kila nilipoitaja safari ya Mwazye aliniuliza swali lile lile bila hata kuinua macho kwenye ungo wake.

"Kwani kwenu kafa nani?"

Hajafa mtu. Hilo ndilo lililokuwa tatizo langu. Watu wa kwetu walikuwa wazima mpaka wanakera. Mama yangu mzazi alikuwa na mguu mmoja mbovu usiomfikisha hata kanisani bila kupumzika njiani, lakini mguu mbovu si ugonjwa wa kumlaza mtu, kwa hiyo haukuhesabika. Nilikuwa nimeolewa Kasense, nikazaa huko, na mtoto wangu alikuwa amekwisha anza kutembea kwa kushika kuta, bibi yake hajamwona hata ukucha. Usiku nilikuwa nalia. Mchana nilikuwa na hasira, na hasira zangu, Mungu anisamehe, ziliishia kwenye vyungu. Nimevunja vyungu vingi nyumba ile.

Basi akaja mwalimu.

Alikuwa mwanamke wa Mbeya, kaletwa kufundisha shule yetu ya msingi, mfupi, mweusi tii, sauti ya filimbi na filimbi yenyewe shingoni. Kijiji chetu kilikuwa na shamba la kijiji, duka la kijiji lisilo na sabuni wala sukari, na timu ya mpira wa miguu ya wanaume iliyokuwa inafungwa kila inapokwenda. Mwalimu akasema kijiji cha ujamaa hakiwezi kuwa na timu moja kama mguu mmoja wa suruali. Wanawake nao wacheze mpira wa pete. Akasimamisha miti miwili kwenye uwanja wa nyasi kando ya ghala, juu akafunga pete za ndoo zilizotoboka, akaanza kutupitia nyumba kwa nyumba akituangalia urefu.

Mimi nilichaguliwa siku ya kwanza. Nilikuwa mrefu wa kupachika mahindi darini bila kigoda. Akaniambia nitakuwa mfungaji.

"Mfungaji wa nini?" mama mkwe akauliza.

"Wa magoli, mama."

"Mwanamke mwenye mtoto anafunga mtoto mgongoni," akasema, akarudi kwenye ungo wake.

Nilicheza hivyo hivyo. Mume wangu hakukataza. Alikuwa mtu mpole, anayeona mama yake na mimi tukigombana ndipo anapokumbuka kwamba kuna mbuzi wa kwenda kutazama. Na kwa kweli ningeacha baada ya wiki chache, maana mwalimu yule alikuwa anatukimbiza utadhani tunadaiwa, isipokuwa siku moja alipuliza filimbi, akatukusanya, akasema amepata taarifa kutoka kwa dereva mmoja wa lori. Wanawake wa Mwazye nao wana timu. Wanatualika baada ya mavuno. Chakula juu yao, usafiri juu yetu.

Nikakaa chini kwenye nyasi.

"Na tukishinda?" mmoja akauliza.

Mwalimu akaeleza walivyokubaliana. Mshindi anabaki kwake na sifa zake. Aliyefungwa ndiye anayesafiri msimu unaofuata kwenda kulipiza kisasi. Sisi tukacheka, tukasema wao ndio watakaosafiri. Mimi nilikuwa sisikii vizuri. Nilikuwa nimekwisha fika Mwazye kichwani, nimekwisha mpa mama mtoto.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe nikiwa nimepiga magoti, shikamoo mbili badala ya moja. Aliendelea kupepeta.

"Kwa hiyo hajafa mtu," akasema.

"Hajafa, mama. Ni mechi."

"Mechi." Alilitafuna neno kama punje isiyoiva. Halafu akasema mechi kama ni ya kijiji ni ya kijiji, hawezi kubishana na kijiji, ila atakwenda mwenyewe anilinde. Na lori analipata wapi huyo mwalimu wako?

Hapo aligonga ndipo. Lori lilikuwepo, la mfanyabiashara mmoja wa mjini Sumbawanga, lakini dizeli ya miaka ile ilitafutwa kama dawa, na mwenye lori hakuwa baba yetu. Alisema leteni cha kuleta, nitawapeleka. Sisi hatukuwa na cha kuleta. Mwalimu akaitisha mkutano wa klabu yetu ya pete, akasema kwao Mbeya wakitaka kuchangisha, wanapika pombe na kuiuza. Tukapiga makofi. Ulezi kila mmoja alikuwa nao kidogo nyumbani. Mwezi ulikuwa wa tatu.

Sasa hapa lazima nisimame nieleze, maana asiye mtu wa Ufipa hataelewa tulivyojiingiza wenyewe shimoni. Mwezi wa tatu nyasi ziko kiunoni na ardhi bado laini. Ndio wakati wetu wa kupiga matuta, yale ya mviringo tunayoyaita ntumba: unakata udongo na nyasi zake, unazifukia tumboni mwa tuta zioze, juu unapanda maharage. Mwakani unalivunja tuta unamwaga ulezi. Kazi ya kupiga matuta haifanywi na mtu mmoja. Mwenye shamba anapika pombe, anatangaza, majirani wanakuja na majembe. Wanalima, wanakunywa, wanakwenda zao. Hakuna anayelipwa na hakuna anayelipa. Pombe ya kuuza tunapika baada ya mavuno, watu wakiwa na kitu. Pombe ya mwezi wa tatu, iliyotangazwa, ni ya jembe. Hata mtoto anajua.

Na sisi tulijua! Si kwamba tulisahau. Ila kila mmoja alijiambia hii ni pombe ya klabu, watu wataona tofauti. Mama mkwe peke yake ndiye aliyesema. Alikuja kuonja kimea chetu, maana kwa pombe alikuwa fundi na hakuweza kuvumilia kuona wajinga wakiharibu ulezi, akasema, "Pombe ya masika haina bei." Tukamwitikia ndiyo mama, tukaendelea kukoroga. Alikuwa amepinga mambo mengi mno. Hili nalo tukaliweka pamoja na yale mengine.

Jumapili katekista akatangaza baada ya misa kwamba Jumamosi kuna pombe ya akina mama wa mpira wa pete, kando ya ghala, watu wote mnakaribishwa. Tukaona kazi imekwisha.

Jumamosi asubuhi umande haujakauka, nasikia watu. Nikatoka na mwalimu tukiwa na makopo ya kupimia. Lo! Wanaume wa kijiji kizima wamesimama kando ya ghala, na kila mmoja ana jembe begani. Wengine wametoka upande wa pili wa bonde. Mume wangu mwenyewe alikuwa pale, jembe lake kalinoa linameta.

"Shamba liko wapi?" akauliza mzee mmoja.

Mwalimu akatabasamu. "Hakuna shamba, mzee wangu. Pombe ni ya kuuza."

Mzee akamtazama mwalimu, akanitazama mimi mtoto wa Ufipa, akatazama vyungu.

"Unaniita kwa pombe mwezi wa tatu," akasema taratibu, "nimetoka na jembe langu mbele ya wake zangu na wajukuu zangu. Halafu unaniambia ninunue?"

Manung'uniko yakaanza. Mmoja akasema huu ni unyonyaji. Mwingine akasema hao ni mabepari wa pete. Mwalimu akageuka kunitazama, macho yamemtoka.

"Wana nini hawa?"

"Wamekuja kulima," nikasema.

"Kulima nini?"

Hilo ndilo swali ambalo kila mtu alikuwa anajiuliza. Akaitwa mwenyekiti wa kijiji. Alikuja anafunga vifungo vya shati, akasikiliza pande zote mbili, akakohoa kama anavyokohoa kwenye mkutano wa hadhara.

"Ndugu zangu," akasema, "kosa limetokea. Lakini haiwezekani mtu atoke kwake na jembe, arudi nalo safi. Huo ni mkosi. Na haiwezekani pombe imwagwe. Hiyo ni dhambi. Sasa tuwape hawa ndugu kazi."

Wote tukatazama huku na huku. Shamba la kijiji lilikuwa limekwisha limwa. Mashamba ya watu yana wenyewe, na kila mwenyewe ana zamu yake. Palibaki sehemu moja tu yenye nyasi nzuri, ardhi nyeusi, isiyo na mwenyewe.

"Hapana," mwalimu akasema. "Hapana, hapana! Ule ni uwanja!"

Walikuwa wamekwisha uingia.

Sijaona watu wakilima namna ile. Walikuwa na hasira kidogo, na kiu nyingi, na walitaka kutuonyesha. Walijipanga mstari, wakaimba, udongo ukawa unaruka. Mwalimu alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamuuma. Wao wakadhani anawapa mdundo, wakaongeza kasi. Jua halijafika utosini, uwanja wetu wote ulikuwa matuta, mazuri, mviringo, yamepangwa vizuri kuliko shamba lolote la kijiji, na ile miti miwili yenye pete imesimama katikati ikitushangaa. Kwa heshima hawakuigusa. Mmoja hata aliipigia tuta kwenye mguu isianguke.

Halafu wakanywa. Walikunywa pombe yote, wakafuta vyungu kwa vidole. Wakatushukuru sana. Mzee yule wa kwanza akaniambia klabu yetu ina adabu, ameridhika. Mume wangu alirudi nyumbani akiyumba, akaniambia kwa furaha kwamba leo ameisaidia timu yangu. Nilitaka kumpiga na mwiko.

Jioni nilikaa kibarazani nikalia waziwazi, sikuficha. Pombe hakuna, uwanja hakuna, dizeli hakuna. Na Mwazye ndiyo hivyo tena. Nilimwambia mtoto wangu, bibi yako utamwona siku ya kumzika.

Mama mkwe alisikia. Alikuwa amekaa mlangoni pake anachambua maharage. Sikujua anachambua ya nini na usiku unaingia. Akanyanyuka, akaja na ungo, akautua mbele yangu.

"Matuta yamepigwa mnalia," akasema. "Ninyi ni wanawake gani? Pandeni."

Nilimtazama. Akaongeza kwa ukali, asije akaonekana amenionea huruma, "Na msipande karibu karibu kama wavivu."

Basi tukapanda. Kesho yake kila mwanachama wa klabu alikuja na mbegu zake, na mwalimu wetu, aliyekuja Ufipa kufundisha hesabu, akafundishwa kupanda maharage juu ya tuta. Mazoezi tuliyafanyia humo humo. Tungeyafanyia wapi? Ulikuwa unadaka mpira, unageuka, unarusha, unaruka tuta, unatua kati ya mistari usikanyage mmea, maana ukikanyaga mche mama mkwe anakuita jina la mnyama kutoka kando ya ghala. Alikuja kila jioni. Alisema anakuja kulinda maharage. Baada ya muda nilimsikia akimwambia mwenzake, "Huyo wetu wa kulia anachelewa kurusha."

Mwenyekiti naye alilibeba jambo akaligeuza sera. Alikuja mgeni kutoka wilayani, akapelekwa kuonyeshwa uwanja wa michezo unaojitegemea kwa chakula. Mgeni akatikisa kichwa kwa mshangao, akauliza wachezaji wanacheza saa ngapi na maharage yanakua saa ngapi. Mwenyekiti akasema vyote kwa pamoja, ndio ujamaa wenyewe.

Maharage yakakubali, jamani. Ardhi ile ilikuwa imelala miaka mingi na nyasi zake. Tulipovuna na kupura, tulipata magunia ya kumfanya mwenye lori atoke mwenyewe ofisini kwake mjini kuja kuyashika. Alimwita dereva wake akamwambia, wapeleke hawa wanawake popote wanapotaka kwenda.

Safari ya Mwazye tuliifanya alfajiri, baridi ya kiangazi inakata masikio, tumekaa nyuma ya lori tumejifunika mablanketi, tunaimba. Mama mkwe alikaa mbele na dereva, kama alivyostahili. Vumbi lilikuwa jekundu mpaka ndani ya meno. Mtoto wangu alilala safari nzima mapajani, na kila tulipopita kijiji nilikuwa namwambia bado kidogo, ingawa hakuniuliza.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya uwanja tangu jua halijachomoza, mguu mbovu kaunyoosha mbele, rozari mkononi. Amepungua. Hilo sikulitarajia, kichwani mwangu alikuwa amebaki vile vile nilivyomwacha. Nilipiga magoti, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Alikuwa amekwisha ninyang'anya mtoto mikononi, anamvua kofia, anamgeuza, anamkagua masikio, vidole, kitovu.

"Marahaba," akasema baadaye sana, akimwambia mtoto.

Kabla ya mechi mwalimu wetu na nahodha wa Mwazye walisimama katikati wakarudia makubaliano kwa sauti ili watu wote wasikie: mshindi anabaki kwake, aliyefungwa ndiye anayerudi msimu ujao. Watu wakapiga makofi. Refa akapuliza.

Nitasema nini kuhusu mechi ile? Uwanja wa Mwazye ulikuwa bapa. Umefagiwa. Na sisi miezi yote ile tulikuwa hatujakimbia kwenye ardhi bapa. Mpira ukirushwa, mtu wetu anaruka. Anaruka nini, hakuna kitu! Tulikuwa tunavuka matuta yasiyokuwepo, magoti juu, tunatua kwa uangalifu kati ya mistari ya maharage tuliyokwisha vuna. Watu wa Mwazye walicheka mpaka wakashikana. Mtu mmoja akauliza kama Kasense kuna siafu. Wenzetu wanapita pembeni mwetu raha mustarehe, wanafunga.

Lakini hatukuwa wabaya. Kipindi cha pili miguu ikakumbuka, tukaanza kurudisha, mimi nikafunga, nikafunga tena, na mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mstari amejifunga kanga kiunoni anamgombeza refa. Kila nilipopata nafasi nilimtazama mama yangu. Macho kayafumba, midomo inakwenda, punje za rozari zinapita vidoleni moja baada ya nyingine, mtoto kalala kifuani pake. Nikasema moyoni, mama ananiombea. Nikapata nguvu.

Tulibaki nyuma kwa goli moja, na muda unakwisha, na mpira uko mikononi mwangu chini ya pete. Nikalenga, nikarusha vizuri kabisa. Mpira ukakaa juu ya pete, ukazunguka, ukazunguka tena, ukafikiri. Halafu ukaangukia nje.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kando ya uwanja, kirefu, cha furaha isiyo na aibu. Niligeuka. Alikuwa mama yangu.

Sikungoja hata filimbi ya mwisho inyamaze. Nilimwendea nikihema, jasho na vumbi vimeniganda usoni.

"Mama! Mimi nakosa, wewe unapiga kigelegele?"

"Nimesali rozari nzima," akasema.

"Unasali nikose?"

"Nasali mfungwe." Hakuwa hata na haya. Alikuwa anamfuta mtoto mate. "Kwa goli moja tu, nimemwambia Mama Bikira, asimwaibishe mwanangu. Wewe masikio huna? Si wamesema aliyefungwa ndiye anayerudi? Mngeshinda, ungekaa huko kwenu Kasense unangoja nife ndio uje."

Nilikaa chini kwenye uwanja ule uliofagiwa, nikaweka kichwa kwenye mguu wake mbovu, nikalia kama sijawahi kulia kwa ajili ya vyungu wala matuta. Aliniacha nilie. Alinipapasa kichwa kwa mkono wenye rozari. Nilipoinua uso, mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu, kanga bado kaifunga kiunoni, na alikuwa amesikia yote. Wazee wale wawili walitazamana. Mama mkwe akaondoka kwenda kumtafuta dereva.

Tulikula, tukaimba, jioni tukapanda lori. Mama alitusindikiza na mkongojo wake, akabaki katikati ya barabara lori likianza kuondoka, akapaza sauti juu ya kelele za injini.

"Fanyeni mazoezi! Lakini siyo sana!"

Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi niliona giza linamfunika taratibu pale barabarani. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kiti cha mbele ni kitupu. Mama mkwe alikuwa amepanda nyuma na sisi, kwenye vumbi, amejisukuma mpaka pembeni yangu, akamchukua mtoto akamfunika na blanketi lake. Tulikwenda hivyo kipande kirefu. Nilijua anataka kusema jambo, maana alikuwa anakohoa.

"Hayo marudiano," akasema hatimaye, akitazama kwingine, "ni lini?"